Pa kula wikendi mtaani: hesabu sahani zinazotoka, usihesabu watu walioketi

#1 Mchungulia Jiko (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wikendi zikifika swali ni lilelile: nyumbani hakuna aliye tayari kupika, mjini ni mbali, tule wapi hapahapa mtaani? Nyuzi nyingi za aina hii huishia watu kutajiana majina. Majina hayadumu. Mpishi anahama, mwenye biashara anauza, kibao cha nje kinabaki kilekile. Naomba hapa tuweke namna ya kuikagua sehemu yoyote ndogo ya kulia kabla hujavuta kiti.

Naanza na ninachokiamini kuliko vingine vyote. Kipimo cha kwanza ni muda ambao chakula kinakaa kati ya moto na sahani yako. Wengi wakiona sehemu imejaa wanaingia tu. Lakini watu wanaweza kuwa wamefuata kivuli, mpira kwenye runinga au vinywaji baridi, huku kuku amelala kwenye kabati la kioo tangu asubuhi. Upande wa pili wa barabara kuna meza tatu tu zenye watu, ila wapita njia wanafungiwa chakula bila kukoma na sufuria inakwisha kabla haijapoa. Hapo pa pili ndipo pa kula.

Simama karibu na kaunta dakika 10, uangalie ni nini kinatoka. Kitu kimoja kikitoka mara 15 na kingine hakijatoka hata mara moja, agiza kile cha kwanza, hata kama hamu yako ilikuwa kwa kile cha pili. Kisichotoka ama kilipikwa zamani, ama kitatolewa kwenye friji na kupashwa harakaharaka.

Sababu yake ni joto. Bakteria wa kwenye chakula wanazaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kile kinachosubiri wateja kibaki juu ya nyuzi 60. Huna kipimajoto mfukoni, ila macho unayo. Mwombe mhudumu akoroge mchuzi kabla ya kupakua. Mvuke ukipanda kutoka chini, vizuri. Ukiona utando juu, mafuta yameganda pembeni na mvuke hakuna, kimekwisha kupoa, na hakuna anayejua kimepoa tangu saa ngapi.

Jambo la pili ni urefu wa orodha ya vyakula. Wapishi wawili wenye majiko matatu hawawezi kupika aina 40 na zote zikawa za leo. Aina 6 au 8 zinazotumia malighafi zilezile ni dalili njema: kitunguu kilichokatwa asubuhi kinaingia katika vyakula vinne na kinakwisha mchana.

Karibuni, hasa mliowahi kusimama upande ule wa pili wa kaunta.

#2 Kibanio

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza hesabu ya jiko, maana wikendi ndipo inapowaumbua wengi.

Kila jiko lina sehemu moja inayochelewesha mengine yote, na kwa sehemu za kuchoma ni wavu. Tuseme wavu unabeba mapaja 12 ya kuku. Paja lenye mfupa kwenye moto wa wastani linataka dakika 30 hivi. Maana yake wavu huo unatoa mapaja 24 kwa saa, hata kama wahudumu ni kumi. Ukifika ukakuta oda 20 mbele yako, kila moja mapaja mawili, hayo ni mapaja 40. Utasubiri saa 1 na dakika 40. Mhudumu akikwambia "dakika kumi na tano tu", yeye anafikiria muda wa kupika sahani moja, foleni hajaihesabu.

Kinachoharibika hapo ni hiki: mpishi akisongwa anaongeza mkaa. Mafuta ya kuku yanadondoka, moto unaruka, ngozi inakuwa nyeusi kwa dakika 12 huku nyama ya kwenye kiungo bado mbichi. Ukila unapata uchungu wa masizi nje na utelezi ndani.

Kwa hiyo tazama moto kabla ya kuagiza. Mkaa ulio tayari umefunikwa na majivu ya kijivu na hautoi ndimi. Mpishi anayejua kazi hupanga mkaa upande mmoja, anaivisha nyama upande usio na mkaa, kisha anaipeleka juu ya mkaa dakika za mwisho ili ipate rangi. Ukiona wavu mzima una ndimi na mpishi anazizima kwa kumwaga maji, agiza kitu cha sufuria.

#3 Bi Sufuria

Kibanio, hapo kwenye kuku watu wengi wanahukumu kwa rangi peke yake, na rangi inadanganya pande zote mbili. Kuku wachanga wa kufugwa haraka mara nyingi huwa na wekundu karibu na mfupa hata wakiwa wameiva, kwa sababu rangi ya uboho hupenya mifupa ambayo haijakomaa. Na nyama inaweza kuwa nyeupe bila kufika nyuzi 74, ambazo ndizo kipimo cha kuku.

Pasua pale paja linapokutana na mguu wa chini. Nyama iliyoiva inaachana na mfupa na inachambuka nyuzinyuzi. Mbichi inang'aa, inatikisika na imeng'ang'ania mfupa. Ukikuta hivyo, rudisha jikoni sahani nzima, wala usione haya. Ila usikubali waiweke tena juu ya zile mboga mbichi ilizokuwa imezigusa. Omba sahani mpya.

Nyama ya kusaga haina huruma. Kipande kizima cha ng'ombe huwa na vijidudu juu tu, kikiungua nje kinaweza kuliwa na wekundu katikati. Ikisagwa, cha juu kimeingia ndani. Mkate wa nyama ya kusaga wenye katikati nyekundu usiule, hata sehemu ikiwa na sifa kiasi gani.

#4 Karai Jipya

Mimi nizungumzie mafuta ya kukaangia, kwa sababu wikendi chipsi ndizo zinazoagizwa kuliko chochote.

Sogea mahali unapoweza kuliona karai. Chipsi zikitumbukizwa kwenye mafuta mazuri, mapovu ni makubwa, yanapasuka papo hapo, na unaweza kuona chipsi chini yake. Mafuta yaliyochoka yanatoa povu dogodogo la rangi ya kahawia linalopanda ukutani mwa karai na kukaa hapo hata chipsi zikishatolewa. Yanatoa moshi kabla ya kufika joto la kukaangia. Tone likianguka pembeni linakuwa na unato. Harufu inakuwa ya rangi ya kupaka ukuta au ya samaki, hata kama samaki hakukaangwa humo. Dalili mbili kati ya hizo zinatosha kukuondoa. Rangi nyeusi pekee isikutishe sana: mafuta yaliyokaanga vitu vyenye viungo au unga huwa meusi mapema bila kuharibika.

Chipsi nzuri hukaangwa mara mbili. Mara ya kwanza nyuzi 150 hadi 160, dakika 5 hivi, ziive ndani bila kupata rangi. Zinatolewa, zinapoa, zinakaa pembeni. Mteja akiagiza zinarudi kwenye nyuzi 175 hadi 180 kwa dakika 2 au 3. Ukiona lundo la chipsi nyeupe zilizolegea pembeni ya karai, usidhani ni za jana. Ni dalili kwamba mpishi anafuata utaratibu.

Tatizo la wikendi ni kujaza karai. Lita 6 za mafuta zinabeba kilo 1 ya chipsi kwa mara moja, zaidi ya hapo joto linashuka sana. Mpishi mwenye foleni anatia kilo 2 na nusu. Joto likishuka maji ya ndani ya kiazi hayatoki kwa nguvu, ganda halifungi, mafuta yanaingia. Chipsi zinatoka zimelegea, na zikikaa kwenye karatasi dakika moja karatasi yote inaloa. Ukiona karai limejaa hadi chipsi zimetokeza juu ya mafuta, subiri mzigo unaofuata au omba kitu kingine.

#5 Meza ya Nje

Wakuu, na wali? Sehemu nyingi wanapika sufuria kubwa asubuhi na wanapakua hadi jioni. Ukipashwa vizuri si vijidudu vinakufa?

#6 Bi Sufuria

Meza ya Nje, swali muhimu sana hilo. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kuacha sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiki kwa kupashwa. Kwa hiyo kupasha hakukomboi wali uliokaa masaa kwenye joto la chumba.

Wali wa sufuria kubwa hauna shida kama uko juu ya moto mdogo umefunikwa na ukiupakua unaunguza vidole. Shida ni ule uliohamishiwa kwenye beseni la plastiki na kufunikwa kwa kitambaa. Huo uache.

Wali wa kukaanga una utata kidogo. Ufundi wenyewe unataka wali uliopoa, kwa sababu wa moto unashikana kwenye karai. Cha kuangalia ni ulipoozwaje. Ukitandazwa kwenye trei tambarare na kuingia friji mapema, ni salama. Ukilala juu ya meza usiku kucha, la. Muulize mpishi moja kwa moja wali wake unakaa wapi kabla ya kukaangwa. Anayefanya vizuri anajibu bila kuchukia.

Hali ni hiyohiyo kwa masufuria makubwa ya maharage na nyama. Sufuria la lita 20 likiachwa lipoe lenyewe, katikati linabaki vuguvugu usiku kucha, na hapo anakua bakteria mwingine, Clostridium perfringens. Jiko zuri linagawa kwenye trei zenye kina cha sentimita 5 hivi kabla ya friji. Ukiwahi sehemu wakati wa kufungua na ukakuta sufuria kubwa la jana linatolewa sakafuni na kuwashiwa moto, umeona ulichohitaji kuona.

#7 Kokoto

Nina pingamizi, kwa heshima. Mkifuata haya yote hakuna atakayekula nje. Sehemu ndogo haina kipimajoto, haina friji tatu, ina mtu na mkewe na binti yao. Na mara nyingi ndiyo yenye chakula kitamu.

#8 Mchungulia Jiko (mleta uzi)

Kokoto, uko sahihi kwamba tusiweke vyote kwenye mizani moja. Sehemu ndogo ina faida kubwa: inapika kidogo na inamaliza. Hilo linashinda friji tatu zilizojaa mabaki.

Mimi nagawa hivi. Meza yenye mikwaruzo, viti visivyofanana, vyombo vya plastiki, kelele, kusubiri: haya hayana uhusiano na tumbo lako, yavumilie. Kuna ya kukufanya ubadili oda tu: karai limejaa, kuku anachomwa kwa pupa, saladi imekatwa mapema na imelegea. Na kuna ya kukuondoa kabisa, mimi nayataja matatu. Hakuna maji ya kutiririka mahali wapishi wanaponawa. Nyama mbichi na chakula kilichoiva vinakutana kwenye ubao mmoja, kisu kimoja au kibanio kimoja. Na chakula cha zamani kinamwagiwa kipya juu yake kwenye chombo kilekile, kwa sababu hapo umri wa chakula hauna mwisho.

Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalohitaji pesa nyingi kurekebisha. Mtu na mkewe na binti yao wanaweza kuwa na ndoo yenye bomba na vibanio viwili.

#9 Kibanio

Hapo kwenye kibanio nakazia. Mtazame mchomaji dakika tano. Anaweka kuku mbichi kwa kibanio kile, kisha kwa kibanio kilekile anakuinulia aliyeiva na kumweka kwenye sahani yako. Kazi nzuri yote ya moto imepotea hapo. Anayejua huwa na viwili, cha mbichi kinakaa upande wake.

Na glavu zisikutie moyo peke yake. Mtu mwenye glavu anayepokea pesa, anajifuta paji la uso na kukata mkate kwa glavu hizohizo ni mchafu kuliko anayenawa mikono kwa sabuni sekunde 20. Uliza macho yako swali moja: mkono unaoshika pesa ndio unaoshika chakula?

#10 Mlezi wa Watatu

Kwa wenye watoto na wenye mzio, naomba niseme machache.

Mzio wa karanga, samaki au mayai: usiulize tu "chakula hiki kina karanga?" Uliza kama karai linalokaanga chipsi linakaanga na samaki au vitu vyenye unga na yai. Joto la karai haliondoi protini inayoleta mzio, inabaki kwenye mafuta na kuhamia chipsi. Kama karai ni moja, agiza cha kuchemsha au cha kuoka. Mwambie mpishi mwenyewe, usitegemee ujumbe upitie kwa mhudumu siku ya msongamano.

Watoto chini ya miaka 5: soseji za mviringo na zabibu nzima zikatwe kwa urefu, kisha vipande vidogo. Ukikata soseji kwa upana unapata duara linaloziba koo. Njugu nzima wasipewe. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, na michuzi mingi ya kupaka nyama ya kuchoma ina asali, kwa hiyo uliza.

Agiza cha watoto kwanza, kitu cha sufuria, wakati cha wakubwa kinachomwa. Na kalieni upande upepo unakotoka, mkiwa na jiko la mkaa karibu, ili moshi uende mbali na meza.

#11 Meza ya Nje

Samaki je? Na zile sehemu za kujipakulia?

#12 Karai Jipya

Samaki mzima omba kuonyeshwa kabla hajakaangwa, ni jambo la kawaida na mpishi mzuri atamleta kwa furaha. Jicho liwe limetuna na linang'aa, matamvua yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Jicho lililozama na lenye ukungu, matamvua ya kahawia yenye ute, mrudishe.

Jodari, vibua na dagaa wana hatari yao: wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria wanatengeneza kemikali iitwayo histamini, na hiyo haiondoki kwa kukaanga wala kugandishwa. Anayekula anahisi ladha ya pilipili au mwasho mdomoni, na muda si mrefu uso unakuwa mwekundu na kichwa kinauma. Samaki asiyetiwa pilipili akikuwasha ulimi, acha hapohapo.

Kujipakulia: trei ndogo zinazobadilishwa mara kwa mara ni bora kuliko trei kubwa iliyojaa siku nzima. Chota kutoka katikati na chini, ambako kuna joto. Kila chombo kiwe na kijiko chake, na mpini usilale ndani ya chakula. Nenda wakati trei mpya inaletwa, hata kama ni kusimama dakika chache. Mayonezi na saladi zenye mayai ziwe zimekaa juu ya barafu, na barafu iwe bado barafu, maana maji ya vuguvugu chini ya bakuli hayafanyi kazi yoyote.

Tukiwa kwenye barafu: kugandisha hakuui vijidudu vya maji machafu. Kama huna imani na maji ya hapo, kunywa kinywaji bila barafu.

#13 Bi Sufuria

Naongeza moja fupi, kwa sababu watu hulaumu chakula cha mwisho walichokula. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 mara nyingi ni sumu iliyokuwemo tayari kwenye chakula, kama ile ya wali. Kuharisha na tumbo kukata baada ya saa 6 hadi 24 kunaelekea zaidi kwenye sufuria kubwa la nyama au maharage. Bakteria wa Salmonella wanaweza kuchukua saa 6 hadi siku 6 kabla hujaugua. Kwa hiyo anayeugua Jumatatu jioni afikirie na Jumamosi pia. Damu kwenye choo, homa kali, mtoto asiyekojoa au mtu asiyeweza kubakisha maji tumboni: hospitali.

#14 Kokoto

Nimekuelewa mleta uzi, mgawanyo wako wa #8 naukubali. Swali la mwisho: saa ngapi ni nzuri kwenda, na nikibakiza nakifunga vipi?

#15 Mchungulia Jiko (mleta uzi)

Nenda nusu saa hadi saa moja baada ya jiko kuanza kutoa. Mapema zaidi unakutana na mabaki yanayopashwa au mkaa usiotulia. Baadaye zaidi unaingia kwenye wimbi lenyewe la wateja, na hesabu ya Kibanio inakuhusu. Wimbi likishapita, vilivyobaki ni vile ambavyo wengi hawakuvichagua. Mkiwa kundi la watu wanane, agizeni aina mbili au tatu badala ya nane tofauti. Vinapikwa kwa mkupuo na vinafika mezani pamoja.

Kufunga: saa 2 zinahesabiwa tangu chakula kilipotoka motoni, si tangu ulipofika nyumbani. Mlikaa mezani saa moja na nusu, basi una nusu saa ya kukifikisha kwenye friji. Mchuzi ufungwe peke yake. Chipsi na vitu vya kukaanga usivifunge kwa mfuniko uliobana, mvuke unarudi na kulowesha ganda; acha upenyo upande mmoja. Nyama ipashwe mara moja tu, hadi iwe ya moto kote na mvuke utoke katikati. Chipsi zitandaze kwenye kikaango kikavu kilichopata moto wa wastani, bila kuongeza mafuta, dakika 4 au 5, uzigeuze mara moja.